Ardhi, Upepo na Corolla ya Zamani: Siku ya Mashindano Kaskazini mwa Sabaki

Anayetaka kubashiri mshindi wa mashindano ya magari madogo kwenye njia ya udongo na aanze kwa kuitazama ardhi, ndipo ayatazame magari. Nasema hivi nikijua kwamba huenda nikawaudhi vijana wanaokuja dukani kwangu hapa Malindi, ambako nauza vipuri, na ambako mazungumzo ya kila siku, kati ya dereva wa tuktuk anayetafuta kebo ya klachi na dereva wa Probox anayetafuta bushi, huishia kwenye swali moja tu la injini ya nani ina nguvu zaidi. Katika mashindano ya klabu yaitwayo autokrosi, ambako magari huachiwa moja moja kushindana na saa, nguvu ya injini ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja nyuma ya udongo, nyuma ya upepo, na nyuma sana ya fundi mwenye subira. Siku moja yatosha kulionyesha jambo hili, nami nitaieleza ilivyokwenda.

Njia yetu ilichorwa kwenye shamba lililolazwa, kaskazini mwa mto Sabaki, ukishavuka daraja na kushika barabara iendayo Mambrui, Gongoni na mbele hadi Garsen na Lamu. Sabaki ndio mto uleule unaoitwa Galana huko juu unakopita Tsavo, na unapofika pwani huwa umebeba udongo mwingi wa bara, kiasi kwamba wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka hudhurungi na wageni wa hotelini huuliza kulikoni. Udongo huo wa mafuriko, ukishatulia shambani na kupigwa na jua la miezi kadhaa, hukauka ukawa mgumu, na tairi huushika vizuri. Upande wa pili wa shamba, unaoelekea baharini, hakuna udongo huo, bali mchanga mlegevu unaosukumwa na upepo kutoka pwani. Aliyechora njia, ama kwa makusudi ama kwa kutojali, aliipitisha pande zote mbili, tena mpaka wa udongo na mchanga ukaangukia katikati ya kona kali kuliko zote. Kona hiyo ndiyo iliyoamua matokeo ya kundi letu.

Kwa wasioujua mchezo huu, autokrosi si mbio za kukimbizana. Huko Uingereza, ambako mbio za klabu za magari ya saluni ni desturi ya miaka mingi, magari 20 au zaidi huanza pamoja kwenye lami ya viwanja kama Brands Hatch, yakasuguana milango katika kona ya kwanza, na kila dereva huwa ameipata nafasi yake ya kuanzia kwa muda aliouweka katika zamu ya kufuzu. Kwetu gari huondoka peke yake, likakata mwale wa kifaa cha kupimia muda mwanzoni na kuukata tena mwishoni, na adui wa dereva ni tarakimu. Safari Rally nayo ni mashindano ya saa, lakini ni ya mwendo mrefu, na dereva huwa na mwenzake kando anayemsomea njia. Autokrosi ni fupi na dereva yuko pweke. Njia yetu ilikuwa ya kilomita 2 hivi, iliyowekewa koni na matairi makuukuu, na koni ikiangushwa sekunde za adhabu huongezwa. Magari hugawanywa katika makundi kulingana na magurudumu yanayosukuma, mawili au manne, na kulingana na kuwepo au kutokuwepo kwa tabo, yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na kanuni za usalama ni za Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, yaani KMSF.

Mimi niko katika kundi la wanyonge, la magurudumu mawili bila tabo, na sina haja ya kuhama. Gari langu ni Toyota Corolla KE70, ile ambayo Wakenya wengi huiita DX, na ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa gari la mwalimu mkuu, la karani wa kaunta ya benki na la teksi. Injini yake ni 4K ya sisi (cc) 1,290, yenye kabureta ya kuchanganya mafuta na hewa na bloku ya chuma kizito, na nguvu zake hata zilipokuwa mpya hazikumtisha mtu. Sifa yake iko kwingine: husukuma kwa magurudumu ya nyuma, uzito wake ni mdogo, na kila kitu ndani yake chaweza kufunguliwa kwa spana za kawaida chini ya mwembe. Viti vya abiria vimetolewa, zulia limetolewa, na mahali pake kumechomelewa kizimba cha mabomba ya chuma kinachozunguka kichwa cha dereva. Kwa kuwa bima ya kawaida ya gari haifidii mashindano, na kwa kuwa siko tayari kubahatisha kwenye barabara kuu, gari hilo hupelekwa uwanjani juu ya lori aina ya Canter.

Fundi wangu ni mzee ambaye karakana yake iko mtaa wa Barani, na mimi humwita baba kwa sababu umri wake unaruhusu na kwa sababu hapendi kuitwa boss. Yeye huamini kwamba adui mkuu wa gari la pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hula waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, pale unapofungwa kwenye bodi, ukaonekana mzima kwa nje na ndani umekuwa unga wa kijani, na gari likaanza kukohoa kwa sababu ambayo hakuna kabureta itakayoieleza. Kwa hivyo asubuhi ile, kabla ya alfajiri kupambazuka sawasawa, kazi yake ya kwanza haikuwa kuwasha injini. Alifungua kila kifungo cha ethi, akakisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakirudisha na kukipaka grisi. Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wetu na ambaye anasomea umeme chuoni, alisimama na tochi akipiga miayo.

“Shangazi, hizi si tulizisafisha juzi?” akaniuliza.

“Muulize babu yako,” nikamjibu, na mzee akasema bila kuinua kichwa kwamba juzi haikuwa na mashindano.

Baada ya hapo zilifuata plagi, na hapa nitakawia kidogo, kwa maana plagi ni barua inayoandikwa na injini na watu wengi huitupa bila kuifungua. Plagi ikitolewa baada ya injini kufanya kazi kwa nguvu, rangi ya kauri iliyo karibu na ncha humweleza fundi jinsi mafuta na hewa vinavyochanganyika. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa ya kahawia hafifu, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe, mafuta ni haba mno, injini inachomeka kwa joto, na valvu ziko hatarini. Plagi zangu zilikuwa za kahawia hafifu, zote isipokuwa moja iliyoelekea weupe, na mzee akaitazama hiyo kwa muda mrefu kwenye mwanga wa tochi, akaipuliza, akaigeuza, kisha akakaza skrubu za manifoldi kwa robo ya mzunguko, kwa maelezo kwamba hewa ya ziada ilikuwa ikipenya penye gasketi. Sikumwuliza amejuaje.

Somo hilo la plagi ndilo lililowasumbua wageni wetu wawili waliotoka Nairobi na magari ya kabureta. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo fundi wa huko hupunguza mafuta ili yalingane na hewa hiyo. Gari likishuka pwani hukutana na hewa nzito zaidi, ambayo ni neema kwa nguvu, kwa kuwa injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda na huzirudisha inaposhuka. Lakini neema hiyo yataka mafuta ya kuandamana nayo. Mmoja wa wageni hao, kijana mwenye Nissan safi sana, alikuwa akijivunia jinsi gari lake lilivyokuja likivuta kuliko siku zote. Mzee wangu alimwomba kwa adabu atoe plagi moja tu. Ilikuwa nyeupe pe. Wakakaa pamoja nusu saa wakibadilisha jeti, yaani vile vitundu vya kupimia mafuta ndani ya kabureta, na jeti zenyewe zilitoka kwenye sanduku langu, nami nikalipwa, kwani urafiki ni urafiki na biashara ni biashara.

Ukaguzi ulianza saa moja na nusu. Mkaguzi hutikisa mikanda, hukagua tarehe ya mtungi wa kuzimia moto, huvuta betri aone kama imefungwa, hutazama kama springi ya kurudisha kabureta inafanya kazi, na humtaka dereva avae kila atakachovaa. Mavazi ni jambo la kusemwa wazi, hasa kwa wanawake wa pwani wanaotamani kuujaribu mchezo huu na kudhani kwamba hijabu ni kizuizi. Kinachokatazwa ni nailoni na vitambaa vya aina yake, kwa sababu vikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mtandio wa pamba mtupu, uliofungwa kwa kubana na kuingizwa ndani ya ovaroli, hukaa vizuri chini ya helmeti. Orie Rogo Manduli aliendesha katika Safari Rally miaka ya 1970, kwa hivyo hoja ya kwamba jambo hili halijawahi kuonekana Kenya ilikwisha kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Baada ya ukaguzi madereva huruhusiwa kuitembea njia kwa miguu, na kwangu mimi hiyo ndiyo saa yenye thamani kuliko zote. Wengine huitembea kwa makundi, wakicheka na kupiga picha. Mimi huitembea nikiwa nimevua viatu. Mguu mtupu hujua mambo ambayo jicho halioni: pale udongo ulipo mgumu chini ya vumbi jembamba, pale ulipo mgumu kwa juu na mtupu ndani kwa sababu mchwa wamepita, na pale mchanga unapoanza. Katika ile kona kali nilipita mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Gari lingeingia likiwa juu ya udongo mgumu, ambako breki zingeshika, likatoka likiwa juu ya mchanga, ambako magurudumu ya nyuma yangezunguka bure. Maana yake ni kwamba kazi yote ya kupunguza mwendo na kuligeuza gari ilipaswa kumalizika kabla ya mpaka, na baada ya mpaka dereva asiwe na la kufanya isipokuwa kunyoosha usukani na kukanyaga mafuta kwa upole. Aliyebaki na sehemu ya kona mkononi alipofika mchangani angekaa pale.

Kisha ikaja kura ya zamu za kuondoka. Wasiozoea hutaka waondoke wa kwanza, kwa kuwa njia haina vumbi la mtu. Ni kweli kwamba vumbi ni adha, hasa asubuhi ya mwezi wa Agosti kabla kusi haijapata nguvu, ambapo vumbi la gari lililopita husimama hewani na msimamizi hulazimika kusubiri kabla ya kumwachia anayefuata. Lakini anayeondoka wa kwanza ndiye mfagiaji. Juu ya udongo mgumu huwa kuna tabaka la vumbi na changarawe ndogo, na kila gari linalopita hulisukuma pembeni, hata ikaonekana mistari miwili safi ambayo tairi huishika vizuri zaidi. Mtu wa kwanza huwapikia wenzake. Kwa upande mwingine, magari yakishapita mengi, mistari ileile hugeuka mitaro, na mchangani mitaro hiyo huwa na kina kiasi cha kukwaruza tumbo la gari. Nafasi nzuri ni ya katikati, nami nilipata ya katikati karibu na mwisho, nikaipokea bila malalamiko.

Zamu ya kwanza niliiendesha kwa kusikiliza. Injini ya 4K haina kelele za kujivunia, hivyo dereva huweza kusikia mambo mengine: kokoto zikigonga chini ya sakafu, tairi zikibadilisha sauti kutoka mkwaruzo hadi mnong'ono zinapoingia mchangani, na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ikilia kidogo katika giya ya tatu. Katika kona ndefu ya kushoto, iliyozunguka kichaka cha mikoma, injini ilikata ghafla kwa muda wa kope moja, ikarudi. Nilijua ni nini. Mafuta yaliyomo kwenye bakuli la kabureta husukumwa upande mmoja na kona ndefu, boya likadanganyika, na jeti ikabaki inavuta hewa. Dawa yake kamili ni kazi ya karakana. Dawa ya siku ile ilikuwa kuiingia kona kwa mafuta machache zaidi, ili gari lisikae limelala kwa muda mrefu. Katika kona kali nilitoka salama, lakini gurudumu la ndani lilizunguka bure mchangani, na niliusikia muda ukienda zake.

Tuliporudi kivulini mpwa wangu alikuwa tayari na kauli yake, ambayo nilikuwa nimeishaisikia katika mashindano mengine.

“Shangazi, tuichomelee difu. Ile gurudumu ya ndani inakuibia.”

Yeye alikuwa na hoja. Difu ya kawaida huliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani, na bila ruhusa hiyo gari la mjini lingekuwa likisaga tairi katika kila mzunguko wa barabara. Tatizo ni kwamba haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu zaidi ya ile inayokubaliwa na gurudumu lililokosa mshiko. Katika kona kali uzito huhamia nje, gurudumu la ndani huwa jepesi, nalo likizunguka bure gari zima hubaki linanung'unika pale pale. Wenye fedha hununua difu yenye kufuli la kiasi. Wasio na fedha huchomelea gia za ndani kwa welding, magurudumu yote mawili yakazunguka kama kitu kimoja, na mambo yakaisha. Mzee wangu alinyamaza, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akasema tungoje tuone mchana.

Kungoja ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya siku. Ukijumlisha dakika zote ambazo dereva yuko njiani, hazifiki muda wa kula sahani ya mbaazi na mahamri, ambayo kwa bahati njema ilikuwepo, ikiuzwa na akina mama wa kijiji jirani waliojua fika kwamba watu wa magari huja bila chakula. Lakini kungoja si kukaa bure. Tulipima presha ya tairi, tukaipata imepanda kwa joto, tukaishusha tena. Presha ya chini huipa tairi uso mpana zaidi mchangani. Ikishushwa mno, tairi hujipinda kwenye udongo mgumu na huweza kutoka kwenye rimu. Hapa tena ardhi ya aina mbili ilikataa jibu moja. Tuliamua presha ya wastani kwa magurudumu ya mbele, yaliyokuwa na kazi ya breki kwenye udongo, na ya chini zaidi kidogo kwa yale ya nyuma. Kisha mpwa akatoa kichungi cha hewa na kukipiga gotini, na vumbi lililoanguka lingetosha kuziba injini ya pampu ya maji.

Zamu iliyofuata ilikuwa nzuri. Upepo wa kusi ulikuwa umeshika, vumbi likawa linakwenda kaskazini mara tu linapoinuka, na mistari kwenye udongo ilikuwa imefagiliwa. Nilipoikaribia kona kali nilikanyaga breki nikiwa bado nimenyooka, uzito wote ukaja mbele, pua ikainama, na magurudumu ya mbele yakapata mshiko ambao hayangekuwa nao kwa mwendo wa kawaida. Nikaachia breki kidogo kidogo huku nikigeuza usukani. Mkia, uliokuwa mwepesi, ukaanza kuzunguka wenyewe. Hapo mtu hujaribiwa kukanyaga mafuta ili aufurahie mkia huo, na watazamaji hushangilia sana. Saa haishangilii. Niliurudisha usukani upande wa pili mapema, gari likawa limeelekea njia ya kutokea kabla halijaugusa mchanga, na mguu wangu wa kulia ukabaki umetulia mpaka nilipohisi kwenye makalio kwamba mkia umenyooka. Ndipo nikakanyaga. Gurudumu la ndani lilizunguka bado, lakini kwa muda mfupi, kwa kuwa kona ilikuwa imekwisha.

Kijana wa Nissan, ambaye injini yake sasa ilikuwa inakunywa inavyotakiwa na ambaye kwenye sehemu iliyonyooka angeniacha bila kuaga, aliingia kona ileile kwa mwendo wa kutisha, akafika mchangani akiwa bado amegeuza usukani, magurudumu ya mbele yakalima, na gari likaenda moja kwa moja hadi kwenye matairi makuukuu. Hakuumia wala gari halikuumia zaidi ya bampa. Gari lake husukuma kwa magurudumu ya mbele, na magurudumu yanayofanya kazi mbili, ya kugeuza na ya kusukuma, mchangani hushindwa zote mbili yakizidishiwa moja. Alirudi akicheka, akakaa na mzee wangu, na wakati wa adhuhuri niliwakuta wakichora kona hiyo kwa kijiti ardhini.

Mapumziko ya adhuhuri yalikuwa marefu kwa ajili ya sala, chakula na joto. Chini ya mwembe mkubwa mazungumzo yaliingia kwenye Safari Rally, kama yaingiavyo daima wazee wanapokuwepo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wenye umri wa mzee wangu wanawakumbuka madereva wake kama wengine wanavyowakumbuka wachezaji wa mpira. Joginder Singh alishinda mara tatu, ya kwanza mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, halafu akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Mwitaliano mmoja mkazi wa Malindi, mzungumzaji hodari wa Kiswahili, alitaka Lancia nazo zitajwe, na zikatajwa, kwani Lancia Delta zilishinda Safari mwishoni mwa miaka ya 1980. Mzee wangu alikubali, lakini akaongeza kwamba Lancer ya Joginder ilikuwa na injini ya sisi 1,600 tu, na kwamba ushindi wake ulikuwa wa mtu aliyejua matope yatakuwa wapi. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha, na pale chini ya mwembe hapakukosekana anayeamini kwamba tangu ilipoacha kuja pwani si Safari tena. Mimi naona huko ni kutia chumvi, ingawa natamani nyika ya Taru ionekane tena kwenye ramani yake.

Niseme na hili, kwa kuwa liliulizwa palepale na mama mmoja aliyekuja na mwanawe. Aliuliza kama mchezo huu hauwafunzi vijana kukimbiza magari barabarani. Barabara ya Malindi na Mombasa imetuzika wengi, na sitalichukulia swali lake kwa wepesi. Jibu langu ni kwamba kijana aliyeona kwa macho yake jinsi gari linavyokataa kugeuka mchangani, na aliyekuwa amefungwa mikanda, ndani ya kizimba, mbele ya koni na si mbele ya mkokoteni usio na taa, hupata woga wenye maarifa. Anayejifunza mpaka wa tairi usiku, pale Gede au pale Kilifi penye matuta, hujifunza mara moja tu. Ningependa kuona kila mji wa pwani una shamba moja la namna hii, hata mara chache kwa mwaka, na wenye mamlaka wakilihesabu miongoni mwa gharama za usalama barabarani.

Alasiri njia ilikuwa imebadilika kabisa. Sehemu ya udongo ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa kwa mpira wa tairi, kasi yake ikiwa juu kuliko asubuhi, na sehemu ya mchanga ilikuwa mitaro mitupu. Toyota Starlet moja iliingiza magurudumu ya kushoto kwenye mtaro, ikainuka polepole, ikalala ubavu. Bendera nyekundu zikapepea, dereva akatoka kwa dirisha akiwa mzima, watu wanane wakaisimamisha gari, na oili iliyomwagika ikafunikwa kwa mchanga. Nilipoachiwa kwa zamu ya mwisho niliacha kabisa mstari wa wenzangu pale kwenye kona. Niliuchukua upande wa ndani zaidi, ambako hakuna aliyepita kwa sababu kona huwa kali zaidi, lakini ambako mchanga ulikuwa haujachimbwa. Mwendo wangu wa kuingia ulikuwa wa chini kuliko wa asubuhi, na muda ulikuwa bora kuliko wa asubuhi.

Nilimaliza wa pili katika kundi. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Ganda mwenye Datsun 1200 iliyokongoroka, ambaye hakuzungumza na mtu siku nzima na ambaye, kama nilivyokuja kugundua, naye aliitembea njia bila viatu.

Ilibaki hoja ya difu, na tuliimaliza wakati tunafunga gari juu ya Canter. Mpwa alitoa hesabu yake: kwenye mchanga magurudumu huteleza yenyewe, hivyo difu iliyochomelewa haitamsumbua mtu, na sekunde tunazopoteza katika kona moja zinatosha kumfikia mkulima wa Ganda. Mzee akamwuliza nusu nyingine ya njia ni ya nini. Kwenye udongo ulioshikwa vizuri na tairi, magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja hayawezi kuteleza kwa urahisi, na mvutano wote huishia kwenye shafti za ekseli, ambazo katika gari la umri huu hazipatikani tena dukani kwangu wala kwa jirani yangu. Tena difu iliyofungwa huisukuma pua ya gari nje ya kona wakati wa kuingia, na kuingia ndiko kulikotupa nafasi ya pili. Niliamua haitachomelewa. Mpwa amepewa kazi ya kutafuta difu yenye kufuli miongoni mwa magari yaliyovunjwa huko Mombasa, na mzee atalizamia bakuli la kabureta. Gari lenyewe lilioshwa usiku uleule kwa maji matamu, chini na juu, kwani mzee hakukubali lilale na mchanga wa bahari.